Jean Civiale: Jamaa aliyevunja mawe bila kisu, kisha akahesabu waliokufa

Muulize mtu yeyote aliyewahi kupatwa na mawe ya figo maumivu yake yakoje. Atakwambia yanaanzia ubavuni, yanashuka hadi kinenani, yanakuja na kuondoka kama mawimbi, na yakipamba moto hakuna kukaa, kulala wala kusimama kunakosaidia.

Siku hizi jiwe likiwa kubwa, tuseme limepita sentimita 2, madaktari katika hospitali kubwa za hapa Kenya hawalazimiki kumpasua mgonjwa ubavu mzima. Wanatoboa tundu dogo mgongoni, upana wake kama sentimita 1, wanapitisha bomba lenye kamera hadi ndani ya figo, wanalivunja jiwe hukohuko kwa leza au kwa mitetemo, kisha wanatoa makombo. Siku chache baadaye mgonjwa yuko nyumbani kwake.

Wazo hilo la kulifuata jiwe kwa njia nyembamba na kulivunja lilipo, badala ya kumfungua binadamu kama gunia, si la jana. Mtu aliyeonyesha mbele ya mashahidi kwamba linawezekana kwa binadamu aliye hai ni Mfaransa aliyeitwa Jean Civiale. Alifanya hivyo mwaka wa 1824, kabla ya nusukaputi, kabla ya eksirei, kabla hata madaktari hawajajua kwamba viini visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyoozesha vidonda.

Hiyo lakini ni nusu tu ya habari yake. Baada ya kuvunja mawe, jamaa huyu alifanya jambo ambalo madaktari wengi wa enzi zake hawakutaka hata kulisikia: alihesabu waliopona na waliokufa, akaziweka namba mezani kila mtu azione. Hapo ndipo moto ulipowaka.

KIJANA KUTOKA MILIMANI

Civiale alizaliwa Julai 5, 1792 katika kijiji cha Salilhes, karibu na Thiézac, kwenye milima ya Cantal katikati ya Ufaransa upande wa kusini. Ni nchi ya ng'ombe na jibini, yenye milima ya volkeno iliyozimika zamani. Mwaka huohuo Wafaransa walifuta ufalme na kutangaza jamhuri, kwa hiyo alikua wakati nchi ikipinduliwa juu chini: kwanza mapinduzi, kisha vita vya Napoleon vilivyomaliza vijana kwa maelfu.

Kwa lugha ya mtaani tungesema alikuwa kijana wa ocha. Aliposhuka hadi Paris kusomea udaktari, alijikuta katika hospitali ya Hôtel-Dieu chini ya Guillaume Dupuytren, daktari wa upasuaji aliyeogopwa na kuheshimiwa kuliko wote jijini. Dupuytren alikuwa mkali na hodari, na wanafunzi walifuata nyayo zake wodini wakimwogopa. Kukaa karibu na mtu kama huyo kulimaanisha kuona kila aina ya ugonjwa na kila aina ya kifo.

Ugonjwa mmoja ulimwingia Civiale kichwani ukakataa kutoka: mawe kwenye kibofu cha mkojo.

Hapa inafaa tuelewane. Mawe tunayoyazungumzia sana siku hizi hujijenga ndani ya figo, chumvi na madini ya mkojo yanapogandamana. Mengine huteremka kwenye mrija hadi kwenye kibofu. Mengine huanzia hukohuko kibofuni, hasa mkojo ukikaa bila kutoka vizuri au kukiwa na maambukizi. Ulaya ya zamani ilijaa mawe ya kibofu, na hata watoto wa maskini waliyapata kwa wingi. Leo wataalamu wanalihusisha hilo na lishe ya nafaka tupu isiyo na maziwa wala nyama ya kutosha.

Figo zenyewe wakati huo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Jiwe la figo lilikuwa la kuvumilia na kuomba lishuke. Jiwe la kibofu ndilo lililokuwa na tiba, na tiba yenyewe ilikuwa kisu.

KISU NA KAMBA

Hebu fikiria. Mgonjwa analazwa chali mezani, magoti yamekunjwa hadi karibu na kifua, mikono imefungwa kwenye vifundo vya miguu. Wanaume kadhaa wenye nguvu wanamshikilia. Hakuna nusukaputi, hakuna ganzi. Daktari anakata katikati ya mapaja, kati ya njia ya haja kubwa na korodani, anafika kwenye kibofu, anaingiza koleo, anatafuta jiwe kwa kupapasa, analivuta nje. Mgonjwa anasikia kila kitu.

Kwa sababu ya maumivu hayo, sifa ya daktari ilikuwa kasi. Mwingereza William Cheselden, katika karne ya 18, alivuma kwa sababu aliweza kumaliza kazi kwa muda unaokaribia dakika moja tu. Si kwamba alikuwa na haraka ya kwenda kwingine. Kila sekunde iliyopungua ilikuwa huruma.

Waliopona walihesabu siku hiyo kama siku ya kuzaliwa mara ya pili. Samuel Pepys, yule mtumishi wa serikali ya Uingereza aliyekuja kujulikana kwa shajara yake, alikatwa Machi 26, 1658 akiwa na miaka 25. Jiwe lake lilisemekana kuwa kubwa kama mpira wa tenisi. Alilihifadhi, na alijitahidi kuandaa karamu kila ilipofika tarehe hiyo ili kumshukuru Mungu kwamba bado yuko hai.

Lakini wengi hawakupata nafasi ya kuandaa karamu. Wengine walivuja damu hadi kufa, wengine kidonda kilioza, na wengine walibaki wakivuja mkojo maisha yao yote. Hatari hii ilijulikana tangu kale. Kiapo cha madaktari kinachohusishwa na Hippocrates, Mgiriki wa kale, kinamtaka daktari asikate mtu mwenye jiwe, awaachie wanaoifanya kazi hiyo.

Swali la Civiale lilikuwa la kawaida kabisa, la mtu asiyekubali kwamba mambo ni hivyo kwa sababu yamekuwa hivyo. Mwili una mlango tayari. Mkojo unatoka kupitia njia yake kila siku. Kwa nini tukate ukuta ilhali mlango upo?

CHOMBO CHENYE KUCHA TATU

Wazo lake la kwanza halikuwa la kuvunja. Akiwa bado mwanafunzi, alifikiria kuliyeyusha jiwe kwa kemikali zitakazopitishwa hadi kibofuni. Haikuchukua muda kugundua tatizo: kemikali yenye nguvu ya kuyeyusha jiwe itakula nyama ya kibofu kabla haijamaliza jiwe. Akaligeuza wazo. Badala ya kuyeyusha, aponde.

Hakuwa peke yake. Mwaka wa 1813 daktari wa Bavaria, Franz von Paula Gruithuisen, alikuwa amependekeza kulitoboa jiwe kwa kupitia njia ya mkojo. Paris kwenyewe kulikuwa na vijana wengine wenye ndoto hiyohiyo, wakiwemo Jean-Jacques Leroy d'Étiolles na Jean Zuléma Amussat. Amussat alisaidia kuonyesha kwamba njia ya mkojo ya mwanamume, ambayo kiasili imejipinda, inaweza kupitisha bomba lililonyooka bila kuchanika. Hilo lilikuwa jambo kubwa, maana chombo kilichonyooka ndicho kinachoweza kubeba mashine ndani yake.

Chombo alichokuja kukitumia Civiale kilikuwa bomba la chuma ndani ya bomba. Bomba la nje lilikuwa jembamba. La ndani lilikuwa na kucha tatu kwenye ncha yake, zilizofungwa likiwa limerudishwa ndani na kufunguka lilipochomozwa. Katikati ya yote palipita ufito wa chuma wenye meno.

Kazi ilikwenda hivi. Kibofu kinajazwa maji ili kuta zake ziwe mbali na jiwe. Bomba linapitishwa taratibu. Kucha zinafunguliwa, jiwe linatafutwa, linakamatwa. Kisha ufito wenye meno unazungushwa kwa uta, mbele na nyuma, mpaka jiwe litoboke. Ukiwahi kumtazama fundi wa majahazi kule Lamu akitoboa ubao kwa keekee ya uta, basi umeshauelewa mtambo wa Civiale. Tofauti ni kwamba ubao haulii, na fundi anauona.

Civiale hakuona chochote. Hakukuwa na kamera wala taa ya kuingiza ndani. Alifanya kazi kwa vidole na masikio: chuma kikigusa jiwe hutoa mlio mkavu, kikigusa nyama hakitoi. Kosa dogo, kucha zinauma ukuta wa kibofu badala ya jiwe, na mgonjwa kwisha habari yake. Ndiyo maana mazoezi yalikuwa mengi kabla ya kumgusa binadamu aliye hai. Vyaelea, vyaundwa.

Siku ilifika Januari 13, 1824. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilituma wajumbe wawili kushuhudia, François Chaussier na Pierre-François Percy, huyu wa pili akiwa mkongwe wa upasuaji katika majeshi ya Napoleon. Hawa hawakuwa watu wa kudanganywa kwa mazingaombwe. Mbele yao Civiale alipitisha chombo, akakamata jiwe, akaanza kulitoboa. Hakulimaliza siku hiyo. Njia yake ilikuwa ya vikao vifupi vya dakika chache, mgonjwa anapumzika, anakojoa makombo, anarudi siku nyingine. Mvumilivu hula mbivu. Jiwe liliisha, na mgonjwa alipona bila kukatwa popote.

Wajumbe walirudi na ripoti ya kumsifu, na jina la Civiale likaenea Ulaya. Wanahistoria wengi wa tiba huichukua siku hiyo kama mwanzo wa upasuaji usiofungua mwili.

VITA VYA NANI ALIANZA

Palipo na sifa hapakosi ugomvi. Leroy d'Étiolles alidai kwamba chombo ni wazo lake. Wengine nao wakajitokeza na madai yao. Kwa miaka mingi wakarushiana makaratasi, kila mmoja akimwandikia barua Chuo cha Sayansi kumchongea mwenzake. Ukitaka picha yake, fikiria wasanii wawili wakigombania biti moja mtandaoni, ila hawa walitumia wino na walikuwa na nishani vifuani.

Ukweli ni kwamba wazo lilikuwa hewani na wengi walilichangia. Alichokifanya Civiale ambacho wengine hawakuwahi kabla yake ni kulifikisha hadi kwa mgonjwa aliye hai, mbele ya mashahidi, na kumtoa salama. Chuo kilimtunuku, na akapewa wodi katika hospitali ya Necker, Paris, kwa ajili ya wagonjwa wa mawe. Wodi hiyo inatajwa kuwa idara ya kwanza duniani iliyotengwa kwa magonjwa ya njia ya mkojo.

Angeweza kuishia hapo. Alikuwa na jina, alikuwa na wodi, na wagonjwa wenye pesa walimfuata. Daktari mwenye sifa kama hizo hahitaji kuthibitisha chochote kwa mtu. Watu wangemwamini kwa jina lake tu.

ALIPOANZA KUHESABU

Wakati huo daktari mkubwa akisema tiba fulani ni nzuri, ilikuwa nzuri. Ushahidi ulikuwa uzoefu wake, na uzoefu wake ulikuwa kumbukumbu zake, na kumbukumbu za mwanadamu tunazijua: waliopona wanarudi kushukuru, waliokufa hawarudi. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Civiale akafuata njia nyingine. Alikusanya rekodi za wagonjwa wa mawe kutoka hospitali mbalimbali za Ulaya, maelfu kwa maelfu, na kuzipanga: nani alikatwa, nani alivunjiwa jiwe, nani alipona, nani alikufa. Matokeo yake yaliwasilishwa katika Chuo cha Sayansi mwaka wa 1835.

Kati ya watu zaidi ya 5,000 waliokatwa kwa kisu, karibu mmoja katika kila watano alikufa. Kati ya wale mamia waliovunjiwa mawe kwa njia yake, waliokufa walikuwa kama wawili katika kila 100.

Soma tena namba hizo polepole. Mmoja kati ya watano. Katika matatu ya abiria 14, ni karibu watatu wasiofika mwisho wa safari. Na hii haikuwa siri ya mtu mmoja mzembe. Ilikuwa ndiyo hali ya kawaida ya madaktari wenye majina makubwa, ila hakuna aliyekuwa ameijumlisha.

Chuo kiliunda kamati ya kuipima kazi hiyo. Mmoja wa wanakamati alikuwa Siméon Denis Poisson, yule mwanahisabati ambaye jina lake wanafunzi wa takwimu vyuoni bado wanakutana nalo kwenye mtihani. Mwingine alikuwa Dominique Larrey, daktari wa vita wa Napoleon aliyebuni magari ya farasi ya kuwaokoa majeruhi katikati ya mapigano. Namba za Civiale zilipata wasomaji wa maana.

Na wasomaji hao hawakumpigia makofi tu. Kamati ilitoa hoja nzito. Ukiwajumlisha watu, walisema, unamvua kila mmoja utu wake na kumfanya tarakimu. Daktari hatibu wastani, anatibu mtu huyu aliye mbele yake, mwenye umri wake, jiwe lake na mwili wake. Namba za watu 5,000 zitamwambia nini kuhusu huyu mmoja?

Wapinzani wengine walikuwa na hoja kali zaidi. Walisema ulinganisho wenyewe hauko sawa. Kuvunja jiwe kwa chombo kulifaa mawe madogo na ya wastani, kwa watu wazima wenye njia ya mkojo iliyo wazi. Wenye mawe makubwa kupindukia, vibofu vilivyooza na hali mbaya walibaki kwa watu wa kisu. Basi si ajabu kisu kiliua zaidi. Kilipewa wagonjwa waliokuwa tayari mlangoni mwa kaburi. Ni kama kulinganisha matokeo ya shule inayochagua wanafunzi wa alama za juu na ile inayopokea kila anayebisha hodi.

Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na haikuwa rahisi kuijibu. Civiale mwenyewe hakutumia chombo chake kwa kila mtu. Palipohitajika kisu, alikata. Alisisitiza pia kwamba mgonjwa aje mapema, jiwe likiwa bado dogo, kwa sababu kuchelewa ndiko kunakomnyima nafasi ya kutibiwa bila kukatwa. Madaktari wa leo wangemtaka apange majaribio yenye haki zaidi, ambapo wagonjwa wanaofanana wanagawanywa kwa bahati nasibu. Lakini mbinu hiyo haikuwa imezaliwa, na ingechukua zaidi ya miaka 100 kabla ya kuwa kawaida.

Jambo la kuangalia ni hili: hata waliompinga walilazimika kumpinga kwa namba. Hakuna aliyeweza tena kusema ninyamazieni, mimi ndiye mkubwa. Ugomvi ulihama kutoka swali la nani ana jina kubwa hadi swali la wagonjwa wangapi, wa aina gani, na waliishia wapi. Mlango huo ukishafunguliwa haufungiki.

WAFALME NA WANAFUNZI

Miaka iliyofuata, chombo kilibadilika mikononi mwa watu wengi. Kucha tatu na keekee ziliachia nafasi kwa taya mbili za chuma zinazobana jiwe na kulisaga kwa skrubu, kazi iliyoboreshwa Ufaransa na Uingereza. Civiale naye aliendelea kutibu, kufundisha na kuandika vitabu. Mwaka wa 1846 dawa ya kulaza mgonjwa kwa mvuke wa etha ilionyeshwa Boston, Marekani, na upasuaji wa kila aina ukaanza kupoteza baadhi ya vitisho vyake.

Mmoja wa waliokwenda Paris kujifunza kwake alikuwa Mwingereza Henry Thompson. Mfalme Leopold I wa Ubelgiji alipoteswa na jiwe, Civiale alikuwa miongoni mwa walioitwa kumtibu, lakini kazi ilikuja kukamilishwa na Thompson mwaka wa 1863. Mwanafunzi akampita mwalimu, na mfalme akapona.

Thompson huyohuyo ndiye aliyeitwa kumtibu Napoleon III, mfalme wa Ufaransa aliyeng'olewa madarakani na kukimbilia Uingereza. Vikao viwili vya kuvunja jiwe vilifanyika. Kabla ya kikao cha tatu, Januari 9, 1873, Napoleon III alikufa. Njia isiyo na kisu ilikuwa salama zaidi, lakini haikuwahi kuwa mchezo.

Civiale hakuyaona hayo. Alifariki jijini Paris Juni 13, 1867 akiwa na miaka 74. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari, Joseph Lister alichapisha makala zake za kuonyesha jinsi ya kuua viini vya vidonda kwa dawa. Kwa maneno mengine, Civiale alimaliza maisha yake yote ya kazi bila kujua hasa ni kwa nini wagonjwa wengi wa kisu walioza na kufa. Alijua tu kwamba walikufa, na alijua ni wangapi. Wodi yake ya Necker ilirithiwa na Félix Guyon, aliyeifanya kuwa shule ambako madaktari wa nchi nyingi walikwenda kujifunza.

KUTOKA KIBOFU HADI FIGO

Mwaka wa 1878 Henry Bigelow wa Boston alionyesha kwamba, mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa, jiwe zima linaweza kuvunjwa na makombo kufyonzwa nje kwa kikao kimoja. Vile vikao vingi vya Civiale havikuhitajika tena.

Figo ilisubiri karibu miaka 100 zaidi. Mwaka wa 1976 Wasweden Ingmar Fernström na Bengt Johansson walieleza jinsi walivyopitisha njia nyembamba kutoka mgongoni hadi ndani ya figo, wakiongozwa na eksirei, kwa lengo la kutoa mawe. Hiyo ndiyo njia ya lile tundu la sentimita 1, na ndiyo inayotumika zaidi leo kwa mawe makubwa ya figo. Mwaka wa 1980 madaktari wa Munich wakiongozwa na Christian Chaussy walimvunjia mgonjwa wa kwanza jiwe kwa mawimbi yanayopigwa kutoka nje ya mwili, bila tundu lolote. Na siku hizi kuna kamera nyembamba zinazopita katika mlango uleule wa Civiale, zikapanda hadi kwenye figo zikiwa na uzi wa leza.

Kila moja ya njia hizi ilibidi ipite katika mtihani aliouanzisha kijana wa Salilhes. Wangapi walitibiwa? Wangapi walibaki na makombo? Wangapi walivuja damu, wangapi walipata maambukizi, wangapi walifariki? Ndiyo maana daktari wako anaweza kukwambia kwamba jiwe la chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, na kwamba la zaidi ya sentimita 2 huenda likahitaji tundu la mgongoni. Hajaota. Kuna watu waliohesabiwa.

Na hapa ndipo habari ya mtu aliyekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita inapoingia kwenye simu yako. Fungua mtandao wowote leo, utakutana na anayeuza unga, majani au maji ya rangi yanayoyeyusha mawe ya figo kwa siku saba. Ana video ya mtu aliyepona. Ana wafuasi kibao. Civiale naye alianza na ndoto ya kuyeyusha, akaiacha alipoona hatari yake, na hata alipopata njia inayofanya kazi hakuridhika na ushuhuda wa waliopona. Mwulize muuzaji maswali yaleyale ya 1835: ni wangapi walikunywa? Ni wangapi hawakupona? Wako wapi? Akikasirika, umeshapata jibu.

Wakati huo kunywa maji ya kutosha, hasa kama unafanya kazi juani au unaendesha boda kutwa nzima, maana mkojo mzito ndio unaojenga mawe. Ukishikwa na maumivu ya ubavu pamoja na homa au kutetemeka, au mkojo ukizibika, usisubiri kesho. Jiwe lenye maambukizi linaweza kuua kwa muda mfupi. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukiambiwa unahitaji kutolewa jiwe, una haki ya kumwuliza daktari wako kwa adabu amewahi kuwatibu wangapi kwa njia hiyo na walitokaje. Daktari mzuri atakuwa na jibu.